Kipindi cha ndege kiwe cha sayansi na cha Kiswahili

Mhariri,

Maumbile ya ndege bado tunayafundisha kwa mchoro wa ubaoni: mdomo, ubawa, ukucha, nakilini. Kengele ikigongwa kinaingia Kiswahili, na mtoto yuleyule anaambiwa atunge insha ya safari ambayo hajawahi kwenda. Vipindi hivyo viwili vikiunganishwa tunapata dakika 80, na vifaa vyake viko jikoni.

Zoezi ni kuiga ndege wanavyokula. Chakula kiwe cha aina tatu: maharage makavu 20 kwenye sahani, beseni la maji lenye vijiko viwili vya majani ya chai yaliyolowekwa tangu jana (makavu yataelea na kuharibu zoezi), na chupa nyembamba ya maji ya sukari. Midomo nayo mitatu: kibanio cha nguo, chujio la chai na mrija. Mrija hauwekwi mdomoni. Unazamishwa, tundu la juu linazibwa kwa kidole, kisha unainuliwa.

Kila mdomo ujaribiwe kwenye kila chakula kwa sekunde 30. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunampa mtoto kibanio na maharage, anashinda, tunapiga makofi. Hajaona kibanio kikitoka mikono mitupu kwenye chupa, kwa hiyo hana cha kueleza. Chujio ndilo lenye mjadala: linainua majani, maji yanachuruzika. Hivyo ndivyo heroe (flamingo) wanavyokula kule maziwa ya Momela, Hifadhi ya Arusha. Kichwa huinamishwa hadi mdomo ukawa juu chini, ulimi unavuta maji na kuyasukuma nje, mwani unanasa ndani. Mrija ni wa chozi, yule mdogo anayeng'ang'ania maua ya uani.

Kisha waandike, sentensi tatu tu, na mwalimu azisome kwa macho mawili. Mtoto akiandika "Heroe alipindisha mdomo wake ili achuje chakula", sarufi haina doa, sayansi imeanguka. Heroe hajapindisha kitu. Mdomo wake hupinda wenyewe anapokua, na umbo hilo limejengeka kwa vizazi vingi. Kosa limejificha kwenye kitenzi. Aandike "Mdomo wa heroe umepinda, ndiyo maana anaweza kuchuja akiwa ameinama." Kutofautisha "ili" na "ndiyo maana" ni somo la lugha, na papo hapo ni somo la baiolojia.

Ngeli nazo zinajileta zenyewe: ubawa, mbawa, ukucha, kucha, unyoya, manyoya. Na lile la "ndege hii inakula nyama": ndege hii ni ile inayotua uwanja wa ndege wa Kisongo. Anayekula nyama ni ndege huyu, mwewe.

Makazi yasifundishwe darasani. Dakika 15 za uani, wawili wawili, zinatosha. Waandike ndege yuko wapi (juu ya paa, kwenye maua, ardhini) na anafanya nini. Jina si lazima. Asiyejua jina huangalia zaidi.

Ombi letu kwa walimu wakuu ni la ratiba tu: vipindi hivi vifuatane, na viwe vya kwanza asubuhi. Jua likishapanda ndege wengi hutulia kivulini, na daftari zote 60 zitarudi zikiwa na kunguru.

Walimu wa shule ya msingi,
Arusha