Dalali anadai asilimia kwenye nyumba tuliyoipata wenyewe, tumpe?

Habari zenu ndugu zangu, naombeni mnishauri maana hapa nyumbani tumegawanyika.

Mimi na mume wangu tulihamia Dodoma kikazi kama wengi tu baada ya serikali kuhamia huku, tukapanga Nkuhungu, ikafika mahali tukasema kodi basi, tutafute nyumba yetu hata kama haijaisha ilimradi ina hati. Tukaunganishwa na dalali mmoja, kijana mchangamfu, akatuzungusha kweli kweli, Ilazo, Kisasa, Miyuji mpaka kule Nala. Kila tukitoka tunampa hela ya kuzungusha na mafuta ya pikipiki. Maandishi hamna, alichosema ni kwamba tukinunua kupitia kwake asilimia yake atachukua kwa muuzaji.

Sasa kuna nyumba moja Nzuguni tuliipenda sana, bei nzuri, tukawa tayari kutoa advansi. Jioni yake dalali akaja mwenyewe akasema dada msitoe hata mia, nimesikia ile nyumba ina mgogoro wa mirathi, ndugu hawajaelewana. Tukaenda serikali ya mtaa kuuliza, ikawa kweli. Yaani angenyamaza tu hela yake ilikuwa ishaingia, na sisi saivi tungekuwa tunazunguka mabaraza ya ardhi.

Baadae mfanyakazi mwenzie mume wangu akatuambia kuna mama anauza Iyumbu, amehamishwa mkoa. Dalali hakuijua hiyo nyumba wala muuzaji hamjui. Tukaenda wenyewe, tukahakiki hati ardhi, mkataba tukasaini kwa wakili, tukalipa. Dalali kasikia, sasa anapiga simu kila siku anataka asilimia tano kutoka kwetu, anasema mji huu tumeujua kwa sababu yake.

Mume wangu hataki hata kusikia. Anasema kuzungusha tulishamlipa, nyumba hakuileta, anadai nini? Wakili naye alituambia makubaliano ya mdomo yanaweza kukubana kisheria, sio mpaka maandishi kama kwenye mauziano ya ardhi yenyewe, ila mume wangu anasema sawa, hayo ya mdomo yalikuwa "kupitia kwake" na hatukupitia kwake. Mama mkwe yeye anasema kijana apewe chochote, tusianze kukaa kwenye nyumba mpya na manung'uniko ya mtu.

Mimi kwa asilimia nipo na mume wangu kabisa, ile ni ya aliyemkutanisha mnunuzi na muuzaji na yeye hajatukutanisha na mtu. Ila ile ya Nzuguni siwezi kuisahau jamani. Madalali wangapi wangefanya vile? Kwa hilo naona tuna deni kwake hata kama sheria haisemi, nataka nimpe laki mbili tatu hivi ya shukrani. Ninachoogopa ni kwamba akishaipokea atasema ni malipo ya kwanza ya udalali, bado salio, na mume wangu ataniambia nimekubali deni ambalo halipo.

Mnaojua sheria, nikimpa hiyo hela inahesabika nimekubali kuwa nadaiwa? Nimuandikishe karatasi kwamba ni shukrani tu, mwenyekiti wa mtaa awepo, au kumuandikisha mtu aliyenisaidia ndo kumvunjia heshima? Na mliowahi kudaiwa hivi na dalali mlimalizana naye vipi?