Injini ya lori la kale ijengwe upya, isitupwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili niseme neno kuhusu jambo linalojirudia kila mara habari za magari ya kale zinapoandikwa. Picha huwa ni zile zile: lori la miaka ya 1940 au 1950 lililokutwa limemezwa na magugu, kisha lori hilo hilo baada ya kazi ya muda mrefu, rangi ikimeremeta na bampa ikiwa imepakwa kromu upya. Kati ya picha hizo mbili huwekwa sentensi moja fupi, kwamba injini ya zamani ilikuwa imekufa na mahali pake ikafungwa injini ya dizeli ya kisasa. Nimeshika spana kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa nikiwa chini ya malori ya aina hiyo, na sentensi hiyo fupi ndiyo iliyonikalisha chini kuandika, kwa sababu katika injini nyingi nilizofungua haikuwa kweli.

Injini za malori ya zama zile zilibuniwa zikitarajiwa kufunguliwa, kupimwa na kujengwa upya mara kadhaa katika maisha yake. Bloku, yaani mwili wa injini, ni la chuma kinene cha kusubu, na kuta za silinda, matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka, ziliachiwa unene wa kutosha ili zichongwe kidogo kila zinapolika. Pistoni za akiba zilitengenezwa zikizidi kipimo cha kawaida kwa nusu milimita, kwa milimita moja, na kwa baadhi ya injini hata kwa milimita moja na nusu. Kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo husagwa ikapungua robo milimita, safari nyingine nusu, na beringi, vikalio ambamo huzunguka, zikawekwa nene zaidi kufidia kilichoondolewa. Zipo pia injini zenye slivu, yaani bomba la chuma ndani ya silinda, ambayo husukumwa nje kwa presi na nyingine ikaingizwa, na hapo bloku lililolika likarudi kwenye kipimo chake cha kwanza.

Nitatoa mfano wa injini ninayoifahamu vizuri, ile ya Chevrolet yenye silinda sita na ujazo wa inchi za ujazo 216, ambayo ilifungwa kwenye magari na malori mengi tangu mwaka 1937 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kipenyo cha tundu la kila silinda ni inchi 3.5, yaani karibu milimita 89, na mgandamizo wake, yaani kiasi mchanganyiko wa hewa na petroli unavyobanwa ndani ya silinda, haufiki 7 kwa 1, kiwango ambacho injini za leo zimekipita mbali. Beringi za konrodi zake, mikono inayounganisha pistoni na kranki, si vipande vya kununuliwa na kupachikwa. Ni madini laini ya babiti, yaliyobuniwa na Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839, ambayo huyeyushwa, yakamiminwa ndani ya konrodi yenyewe, kisha yakachongwa hadi kipimo. Wala pampu haisukumi oili kupitia ndani ya kranki hadi kwenye beringi hizo kama tulivyozoea siku hizi. Kila konrodi ina kijiko chini yake kinachochota oili kwenye vihori vilivyomo ndani ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, na mwendo ukiongezeka kijiko hicho hukutana na mchirizi wa oili unaorushwa kutoka pembeni. Asiyejua hayo husikia mgongano wa chuma kwa chuma, akatangaza kwamba injini imenoki, yaani imekufa, ilhali pengine kinachotakiwa ni kuondoa shimu moja, kibati chembamba kilichowekwa kati ya konrodi na kifuniko chake kwa makusudi hayo hasa, ili nafasi ya oili irudi kwenye kipimo.

Uharibifu mwingine hufanyika kabla hata spana haijashikwa. Lori lililolala miaka ishirini hufungwa kamba, likavutwa na jingine huku gia ikiwa imeingizwa, eti injini ikwamuke. Ringi, zile pete zinazozunguka pistoni, zikiwa zimeshikwa na kutu na kulazimishwa hukatika na kuchana silinda, na valvu zilizoganda kwenye gaidi, vijibomba vinavyoziongoza, hazisogei, matokeo yake pushrodi, fito zinazozisukuma, zikapinda. Injini ambayo ingeamka kwa uvumilivu huuawa siku hiyo. Mimi hutoa plagi zote, nikamimina katika kila silinda mchanganyiko wa oili ya gia otomatiki na asetoni, nikaacha. Siku za kuacha huwa nyingi. Niliwahi kungoja wiki tatu. Baada ya hapo nati ya mbele ya kranki hushikwa kwa spana ndefu na kutikiswa mbele na nyuma, kidogo kidogo, bila hasira.

Ikishafunguliwa, zamu ni ya maikromita, kipimio cha tofauti ndogo mno, na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wenzangu wengi wanaoamini kidole na jicho. Silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi karibu na juu, pale ringi zinapogeukia, na hulika zaidi upande ambao pistoni husukumwa na konrodi, hivyo tundu lililokuwa duara hugeuka kuwa na umbo la yai, na juu yake hubaki ukingo mdogo usioguswa na ringi. Mtu akiweka ringi mpya katika tundu la namna hiyo bila kupima, ringi itatanuka na kubana kila pistoni inapopanda na kushuka, ikigonga ule ukingo wa juu hadi ivunjike, na moshi wa samawati utaendelea kana kwamba hakuna kilichofanyika. Vipimo vichukuliwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana, na viandikwe. Pengo la ncha za ringi nalo lipimwe ringi ikiwa ndani ya silinda yake: kanuni ya kawaida ni elfu tatu hadi nne za inchi kwa kila inchi moja ya tundu, kwa hiyo injini niliyoitaja inahitaji pengo linalokaribia theluthi moja ya milimita. Pengo likiwa dogo kuliko hilo, ringi ikipata joto ncha zake hukutana, na hapo silinda huchanika.

Sisemi haya kwa sababu sijawahi kukosea. Vifuniko vya beringi kuu za kranki huchongwa vikiwa vimefungwa kwenye bloku, kila kimoja mahali pake na upande wake, na havibadilishani. Katika ujana wangu nilivitia vyote katika karai moja la mafuta ya taa bila kuvipiga alama, na nilipokuja kufunga kranki ikagoma kuzunguka hata kwa mikono miwili. Tangu siku ile sitoi kifuniko kabla ya kukigonga namba. Mara nyingine kosa halikuwa langu. Karakana moja ilinisagia kranki vizuri kwa kipimo, lakini jiwe lao lilikuwa na kona kali, likaondoa ule mviringo mdogo ulioko pale shingo ya kranki inapokutana na ubavu wake. Kranki ilidumu miezi michache, kisha ikakatika pale pale. Anayepeleka kranki kusagwa asiulize kipimo peke yake. Aulize pia kuhusu kona hizo, na akiichukua azitazame kwa kioo cha kukuza.

Wanaotetea kubadilisha injini huwa na hoja moja yenye uzito, nayo ni petroli. Uwezo wa madini ya risasi wa kuzuia injini isigonge kwa petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda uligunduliwa mwaka 1921, na kwa miongo mingi iliyofuata petroli ya dunia ilichanganywa nayo. Risasi hiyo iliacha utando uliolinda siti za valvu, yaani mahali valvu zinapokalia zikifungwa, ambazo katika injini nyingi za zamani zilichongwa moja kwa moja katika chuma cha hedi, kifuniko cha juu cha injini, bila kuwekewa pete ngumu. Uuzaji wa petroli ya risasi kwa magari ulikoma duniani mwaka 2021, Algeria ilipomaliza akiba yake, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka sumu ile irudi. Ni kweli kwamba lori la kale likibebeshwa mzigo mzito kwa petroli ya sasa, siti za valvu za ekzosi huweza kuliwa, valvu ikazama, nafasi ya tapeti, ule mwanya mdogo unaoiachia valvu ifunge kabisa, ikapotea na hatimaye valvu ikaungua. Lakini dawa yake inajulikana. Hedi ikiwa iko mezani, siti za upande wa ekzosi hutobolewa na kuwekewa pete za chuma kigumu, na jambo hilo likaisha. Kwa lori litakalotembezwa taratibu mara moja kwa wiki, mimi hata pete hizo siziharakishi. Hupima tapeti mara kwa mara, na nafasi ikianza kupungua ndipo hedi inashuka.

Kuhusu kufunga, nitasema machache, kwa kuwa kitabu cha kila injini kina vipimo vyake. Gasketi za zamani nyingi zina asbesto, kwa hiyo zikwanguliwe zikiwa zimeloweshwa, na vumbi lisipulizwe kwa kompresa. Boliti za hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na hurudiwa injini ikishapata joto, kama kitabu kinaagiza hivyo. Pampu ya oili ijazwe vaselini kabla ya kufungwa, la sivyo itazunguka ikiwa kavu huku beringi mpya zikingoja. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, na tapeti zikiwa mpya, injini ikiwaka isiachwe ingurume polepole kama watu wanavyopenda kufanya kwa kuihurumia. Izungushwe mara 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika ishirini hivi, ili oili irushwe vya kutosha juu ya kamshafti, na oili yenyewe iwe ile yenye zinki ya kutosha, kwani nyingi za kisasa zimepunguziwa.

Sasa turudi kwenye dizeli ya kisasa. Nguvu yake ni kubwa kuliko ile ambayo giaboksi ya zamani ilitengenezewa kubeba, basi giaboksi hubadilishwa. Difu, gia za ekseli ya nyuma, iliyopangwa kwa mwendo wa wastani haiendani na giaboksi mpya, nayo hutolewa. Uzito ulioongezeka mbele hulemea springi. Breki za ngoma zisizo na sevo, kifaa cha kuongezea mguu nguvu, ambazo zilitosha kwa mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, haziwezi kulisimamisha kwa usalama lori ambalo sasa linakimbia 100. Mwisho wa yote kinachosalia cha lori la kale ni kebini ya dereva na kibao cha jina juu ya boneti.

Nakubali kwamba kuna injini zisizookoka. Konrodi ikikatika na kutoboa ubavu wa bloku, au ufa ukipita katikati ya beringi kuu, sina cha kutetea, ijapokuwa ufa wa kawaida kwenye mifereji ya maji, kama ule unaosababishwa na maji kuganda, hushonwa bila moto kwa pini zenye nyuzi kama za skrubu zinazopangwa moja ikiuma nyingine. Mafundi wa kumimina babiti nao wamebaki wachache, na kumngoja mmoja kunaweza kuchukua miezi. Na mtu ambaye lori hilo ndilo linalomlisha kila siku, akiamua kufunga dizeli, simlaumu hata kidogo. Lawama yangu ni kwa yule anayetangaza kwamba amelirudisha lori katika hali yake ya asili, ilhali injini yake aliiuza kwa kilo kama chuma chakavu bila hata kuifungua hedi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Siku gazeti lako litakapochapisha tena picha za lori la kale lililofufuliwa, mpiga picha wako amwombe mwenye lori afungue boneti.

Wako,
Fundi wa malori, msomaji wa siku nyingi