Vichekesho vya televisheni vimwache Mgogo, viwaendee waheshimiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo hapa Dodoma tunaishia kulisemea vijiweni. Tangu uchaguzi wa Oktoba 2025 nimekuwa nikiangalia vichekesho vya televisheni zetu jioni, na sijaona hata igizo moja linalomgusa mtu aliyekuja kuomba kura. Mbunge haigizwi, waziri haigizwi, hata diwani haigizwi. Anayeigizwa ni mpiga kura.

Juzi kituo kimoja kilionyesha mama wa Kigogo aliyeletwa mjini na mwanawe. Ana kibuyu mkononi, anaogopa lifti, na kila anayekutana naye anamwomba shilingi mia. Lafudhi yetu ilivutwa mpaka haikufanana tena na ya mtu yeyote ninayemjua. Kila alipokinga mkono, kicheko cha kurekodiwa kikapigwa. Shangazi yangu wa Mvumi, tuliyekuwa tukiangalia naye, alinyamaza tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichoniuma zaidi ni pale mama yule alipoulizwa kwa nini alipiga kura, akaonyesha kanga aliyopewa. Igizo likaishia hapo. Aliyegawa kanga hakuonekana. Hakupewa sauti, wala gari, wala wapambe wa kumshikia mwavuli. Aliyepokea kafanywa kituko na aliyetoa kaachwa aende zake salama, wakati kichekesho chenyewe kilikuwa kwake.

Wanaotuchekea kwa kuomba wangejua habari hii inatoka wapi, nadhani wengine wangeona aibu. Wazee wetu walipitia njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Kulikuwa na ukame, ni kweli, lakini kabla ya ukame kuwamaliza watu, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa yamepita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mtu akaachwa bila mfugo, bila ghala na bila mwana wa kulima. Hapo ndipo wengi walipotoka kwenda kuomba. Miaka mia imepita na bado anayechekwa ni aliyenyang'anywa.

Sisemi tusitaniwe. Hakuna Mgogo asiyejua utani. Mhehe akija nyumbani kwangu ataanza na hiyo hiyo ya ombaomba, nami nitamjibu yangu, na chakula tutakula pamoja. Lakini utani wetu una pande mbili: anayepiga yuko tayari kupigwa. Mama yule wa kwenye televisheni atamjibu nani, na kwa kipaza sauti kipi?

Wapo watakaosema huu si wakati wa kucheka. Hoja hiyo naiheshimu. Uchaguzi wa 29 Oktoba uliandamana na vifo, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na ziko familia ambazo matanga yao hayajaisha mioyoni. Lakini tujiulize watani wetu huja lini. Katika makabila mengi ya nchi hii huja msibani, tena mapema. Mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama alivyotembea, akasema kama alivyosema, akazuia jeneza mpaka apewe hela, na wafiwa waliokuwa wamekakamaa kwa uchungu wakapata pumzi. Hamcheki maiti. Anasema yale ambayo mfiwa hawezi kuyasema. Wakenya walipoteza zaidi ya watu 1,000 katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mwaka 2009 wakaanza kuonyesha The XYZ Show, vikaragosi vya wanasiasa wao wenyewe, wale wale waliokuwa wakigombana. Aliyekianzisha kipindi hicho ni mchora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam. Mtoto wetu, kazi hiyo akaifanyia Nairobi.

Na sisi tuliwahi kuwa na mwanzo mzuri. Nawakumbuka Ze Comedy walipokuwa EATV, kisha Orijino Komedi TBC1, mitaa ikitulia kwa saa nzima na kesho yake shuleni watoto wakirudia kila neno. Mwanzo ule haukukua. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, ikitaja gharama, na mchekeshaji akanyimwa malighafi, maana huwezi kumwigiza mtu ambaye watazamaji hawamwoni akisema. Baadaye ikaja hofu ya waziwazi. Mwaka 2019 mchekeshaji Idris Sultan alihojiwa na polisi kwa picha iliyobadilishana sura yake na ya Rais wa wakati huo, John Magufuli. Mei 2020 akakamatwa tena, baada ya video aliyojirekodi akicheka picha ya zamani ya Rais huyo huyo. Kila mwandishi wa vichekesho aliona, akajifunza kumwandikia mama mwenye kibuyu.

Vipaji tunavyo. Nenda kijiwe cha bodaboda pale Majengo saa za jioni. Kuna kijana anatundika koti la mvua begani kana kwamba ni la suti, anasafisha koo, anaita "Mbukwenyi!", salamu yetu ya Kigogo, kisha anasubiri makofi. Kule kusubiri ndiko kunakovunja watu mbavu, kwa sababu ndivyo mwenyewe anavyosubiri. Anaahidi kisima, kile kile kilichoahidiwa 2015 na 2020. Anainama pembeni kunong'onezwa jina la kijiji na msaidizi asiyekuwepo, halafu analikosea. Hakuna tusi, hakuna uongo, na kila mtu pale anamjua anayeigizwa bila kutajiwa. Siku moja abiria akainua simu arekodi. Kijana akakatisha katikati ya neno, koti likashuka. "Kaka, zima hiyo simu, mimi nina watoto." Akawasha pikipiki akaondoka.

Huyo hakukatazwa na mtu. Hajaitwa popote, hajaandikiwa barua. Na wenye vituo nao hawasubiri kukatazwa, wanafikiria leseni na matangazo ya taasisi za umma, basi wanajikata wenyewe kabla ya mkasi kufika.

Najua Marekani si Tanzania, lakini kuna jambo moja la kule ambalo ningependa waheshimiwa wetu walisikie. Kipindi cha Saturday Night Live cha NBC kimekuwa kikiwaigiza marais tangu kilipoanza 1975. Dana Carvey alimwigiza George H. W. Bush kwa miaka, mikono yake na sentensi zake alizoziacha nusu. Novemba 1992 Bush akashindwa na Bill Clinton. Unajua alichofanya? Desemba hiyo hiyo alimwalika Carvey Ikulu aje amwigize mbele ya wafanyakazi wake waliokuwa wamenyong'onyea. Aliyeshindwa alimwita aliyemcheka, akakaa hapo akacheka na wenzake. Si wote walikuwa na moyo huo. Donald Trump aliposhinda 2016 alimlalamikia mtandaoni Alec Baldwin aliyekuwa akimwigiza, akisema havichekeshi. Ni haki yake kulalamika. Baldwin aliendelea na kazi, na mwaka 2017 akapewa tuzo ya Emmy kwa uigizaji huo huo. Hakulala mahabusu.

Kwa hiyo ninaomba, na nawaomba kwa heshima. Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na utangazaji, itamke hadharani kwamba kuigiza hotuba ya kiongozi, mwendo wake au ahadi yake jukwaani si kosa, ili mwenye kituo awe na kauli ya kushika mkononi. Tamko la aya moja lingefanya kazi kuliko semina za mwaka mzima. Matusi kwa mama wa mtu, uchochezi wa dini na kabila, hayo yabaki makosa, na kwa kabila ningependa sheria iwakumbuke na Wagogo. Waheshimiwa wenyewe, hasa vijana walioingia bungeni mara hii, wamwite mchekeshaji mmoja waziwazi wamwambie aanze na wao. Mmoja tu akifanya hivyo, wengine wataona haya kununa.

Na vituo vije Dodoma. Maigizo mengi yanaandikwa Dar es Salaam na watu ambao Bunge wanalisikia kwenye taarifa ya habari, wakati siku hizi treni ya mwendokasi inawafikisha hapa asubuhi na kuwarudisha jioni. Bunge la bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni. Hizo ni wiki za kutosha kabisa kuleta waandishi wawili, kuwakalisha kwenye jukwaa la wageni na madaftari yao, wasikilize michango mpaka kengele ya dakika ilie, waandike walichosikia.

Msomaji wako,
Chang'ombe, Dodoma