Kuvuka Marekani kwa gari-nyumba: kazi iko kambini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwakumbushe jambo wasomaji wanaopanga kuvuka Marekani kwa gari-nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo chake. Wengi huulizia injini, ramani na mafuta. Hayo yana wenyewe wa kuyajibu. Kinachovuruga safari ni umeme, maji na choo, na vyote vitatu vinakusubiri jioni kambini, yaani kwenye uwanja unapoegesha gari na kulala.

Umeme ndio wenye hasara kubwa. Nguzo ya kambi, ile unayochomeka gari ipate umeme, huwa na soketi ya ampea 30 au 50, na watu hudhani tofauti yake ni ndogo. Ya 30 ina waya mmoja wa moto, yaani unaoleta umeme, wa volti 120, yaani wati 3,600 basi. Ya 50 ina nyaya mbili za moto, kila mmoja volti 120, jumla wati 12,000. Ukikodi gari la ampea 50 kisha ukakuta soketi ya 30, adapta itakuwezesha kuchomeka tu, umeme hauongezi. Kiyoyozi kimoja hula wati 1,500 hivi, hita ya maji 1,400, maikrowevu haipungui 1,000. Washa vyote pamoja, swichi ya nguzo itakatika. Hita nyingi za magari haya hutumia gesi pia, basi iache kwenye gesi.

Swichi ikikatika hujapoteza kitu. Balaa ni volti kushuka. Alasiri ya joto kali kila gari limewasha kiyoyozi, na kwenye kambi kuukuu zenye nyaya nyembamba volti 120 zinaweza kushuka hadi karibu 100. Mota ya kompresa ya kiyoyozi ikipungukiwa volti huvuta ampea zaidi, inapata joto na kuungua polepole, na wewe uliye ndani husikii lolote. Nunua kifaa kinachokata umeme chenyewe volti zikifika 104 au hapo karibu, na kinachotambua soketi iliyofungwa nyaya kinyume. Zima swichi ya nguzo, chomeka kifaa, washa, kiache kisome, zima tena, ndipo uchomeke gari. Siku ya kuondoka zima kiyoyozi kwanza, kisha nguzo, ndipo uchomoe. Ukichomoa kiyoyozi kikiwa kinazunguka, cheche hula meno ya plagi, na meno yaliyoungua hushika vibaya na kuyeyusha soketi ya kambi inayofuata.

Maji hayana mengi. Kidhibiti presha kifungwe kwenye bomba la kambi, si ubavuni mwa gari, ili mpira nao usipasuke. Mabomba ya gari yanataka presha ya psi (kipimo cha presha) 40 hadi 60, na kambi nyingine hutoa zaidi ya 100. Mpira wa maji ya kunywa usikutane kabisa na ule wa kusuuzia tangi la choo, hata kwenye boksi la kuhifadhia.

Kwenye choo kosa ni lile lile kila mahali: mtu anaunganisha mpira wa maji taka, anaacha koki ya tangi la choo wazi mpaka siku ya kuondoka. Maji yanatiririka, kinyesi kinabaki, kinakauka na kuinuka kama kichuguu chini ya tundu. Koki ikae imefungwa hadi tangi lifike theluthi mbili, kisha ifunguliwe yote kwa mara moja, kwa kuwa wingi wa maji ndio unaosukuma uchafu. Anza na tangi la choo, malizia na la maji ya kuogea na kuoshea vyombo ili yasuuze mpira. Halafu rudisha maji kiasi cha lita 15 kwenye tangi la choo, lisikae kavu. Geji yake msiiamini sana. Karatasi hung'ang'ania vihisi, ikasoma nusu wakati tangi ni tupu.

Fikeni kabla ya saa tisa alasiri. Kurudisha nyuma gari la mita 10 katikati ya miti na nguzo gizani ndiko kunakovunja ngazi na mabomba ya chini.

Wanaopenda kulala bure kwenye ardhi za Bureau of Land Management, idara ya serikali inayosimamia ardhi za umma, huko magharibi wajue kwamba kwa kawaida ruhusa ni siku 14 ndani ya kila siku 28, na mara nyingi hakuna bomba wala nguzo. Hapo watu hujaza maji pomoni, wakasahau kuwa lita 200 ni kilo 200. Pitieni mizani ya malori, mpime kila ekseli peke yake. Tairi za magari haya huzeeka kabla hazijawa kipara, kwa hiyo someni tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi.

Na wanaopita Baltimore na mitungi ya gesi: mahandaki ya barabara ya Fort McHenry na Baltimore Harbor hayaruhusu mitungi mikubwa ya propeni. Zungukeni kwa I-695, barabara kuu inayozunguka mji, upande wa magharibi, maana daraja la Francis Scott Key la upande wa mashariki lilianguka Machi 2024.

Msomaji wenu