Zabibu za yule kipofu

Mwanangu,

Baada ya salamu, sisi hapa Tanga wazima. Bibi yako goti linamsumbua tangu mvua zianze, ila mdomo ni ule ule.

Picha ya daraja la Salamanca, huko Hispania, nimeipata. Unasema umesimama kwenye baridi dakika ishirini kwa ajili ya fahali wa jiwe asiye na kichwa, kisha ukarudi bwenini kukariri jedwali la mtihani la vipindi vya fasihi: Mwamko, Baroki, Urasimi, Ulimbwende, Uhalisia, kila moja na miaka yake. Jedwali liweke kando kwanza. Huyo fahali namjua.

Mwaka 1554 kilichapwa kitabu chembamba kiitwacho Lazarillo de Tormes. Mwandishi hakujitaja, na mpaka leo hajulikani. Tormes ndio mto unaopita chini ya daraja lako. Mama maskini anamkabidhi mwanawe, Lázaro, kwa ombaomba kipofu ili awe anamshika mkono njiani. Wakifika darajani kipofu anamwambia, tega sikio hapa kwa fahali, utasikia kishindo ndani. Mtoto anatega. Kipofu anambamiza kichwa kwenye jiwe, maumivu yakakaa zaidi ya siku tatu, na anacheka: mtoto anayemtumikia kipofu hana budi kumzidi shetani akili kidogo.

Ila mimi napenda pale penye zabibu. Ni msimu wa mavuno, mvunaji amempa kipofu kichala kimoja, sadaka. Zimeiva mno, zinapukutika, kwenye mkoba zitakuwa maji matupu. Basi wanaketi. Leo tule kwa haki, asema kipofu, wewe moja, mimi moja, mpaka ziishe. Wanaanza vizuri. Zamu ya pili tu, kipofu anachuma mbili. Lázaro anaona, kimya, naye anachuma mbili, kisha tatu, kadiri mkono unavyoweza. Kichala kimekwisha, mzee anatikisa kikonyo mkononi: umenidanganya, umekula tatu tatu. Umejuaje? Kwa sababu mimi nilikula mbili mbili na wewe ukanyamaza.

Abunuwasi angeondoka na kichala kizima, maana hadithi zake zinamtaka ashinde. Lázaro ana njaa ya kweli, na mwenye njaa hukamatwa. Kabla yake Wahispania walikuwa wamelewa riwaya za mashujaa wa farasi na mikuki, kama Amadís de Gaula, ambamo tumbo ni kama halipo. Huyu ayari mdogo ndiye aliyelileta tumbo mezani.

Na msome yule bwana wake wa tatu, wa mji wa Toledo. Ana upanga, ana joho, nyumbani hana hata kiti. Mtoto anaenda kuombaomba, anarudi na mkate na kongoro la ng'ombe. Bwana anamsifu jinsi anavyokula kwa raha, anamsifu tena, mpaka mtoto mwenyewe anamwonea huruma na kumkaribisha. Kisha siku zisizo na kitu bwana anachukua unyasi, anasimama mlangoni anachokonoa meno ambayo hayajagusa chakula, ili wapita njia wajue kala. Nimewahi kumwona mtu wa hivyo mtaani kwetu, simtaji.

Mahakama ya dini ilikipiga marufuku kitabu mwaka 1559. Kiliporuhusiwa tena, 1573, kilikuwa kimenyolewa: sura ya mchuuzi wa vyeti vya msamaha wa dhambi haikuwamo.

Sasa pima wengine kwa kipimo hicho hicho: nani anakula, na kalipa nini? Riwaya ya Don Quijote, 1605: mwandishi wake Cervantes anajifanya amepata hadithi katika madaftari ya Kiarabu sokoni Toledo, anamtafuta Mmorisko, yaani Mwislamu wa Hispania aliyebatizwa, amfasirie, na ujira ni zabibu kavu arroba mbili, kama kilo 23, pamoja na ngano. Mfasiri anamaliza kwa mwezi mmoja na nusu. Mimi mfasiri mwenzake niliwahi kungoja malipo miezi minane, tena bila zabibu, kwa hiyo ukurasa ule nausoma kwa wivu. Ukija kwenye Ulimbwende, mshairi Espronceda ameandika kuhusu mwanafunzi wa mji huo huo wako, 1840: usiku kucha anamfuata mwanamke mwenye shela, kumbe ni mifupa mitupu. Mashairi yanakwenda mbio vizuri, lakini sikumbuki mtu aliyekaa akatafuna kitu. Kwa mwandishi wa riwaya Galdós, miaka arobaini na kitu baadaye, masoko ya Madrid yamerudi na bei zake, na hapo ndipo jedwali lako linapoandika Uhalisia, kana kwamba yule kipofu hakuwahi kuhesabu zabibu.

Nunua soksi za sufu, usiseme kesho.

Hadithi ya kichala nilimsimulia bibi yako jana akikuna nazi. Akasema mtoto yule mjinga, angekula nne nne tangu mwanzo, maana kofi ni lile lile.

Mama yako