Si nauli ya bajaji: hesabu halisi ya India na Mirihi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Kila zinapotoka habari za roboti kupelekwa sayari nyingine, kuna mfano mmoja haukosi kutajwa, magazetini na vijiweni: kwamba India ilifika Mirihi, au Mars kama wengi tulivyozoea, kwa bei iliyo chini ya nauli ya bajaji. Anayetaka kuisifu India anautumia. Anayetaka kuisuta serikali yake mwenyewe kwa ubadhirifu anautumia vilevile. Mfano ni mtamu, ila unapotosha.

Asili yake ni hotuba ya Waziri Mkuu Narendra Modi mbele ya Wahindi waishio Marekani, mjini New York, Septemba 28, 2014, siku nne baada ya chombo cha Mangalyaan kuanza kuizunguka Mirihi. Alisema kilomita moja ya bajaji mjini Ahmedabad ni rupia 10, na kilomita moja ya kwenda Mirihi imekuwa rupia 7. Ukipiga hesabu inakubali: rupia bilioni 4.5 gawanya kwa kilomita milioni 650, unapata 6.9. Kosa haliko kwenye kugawanya. Liko kwenye kilomita.

Bajaji inakunywa petroli njia nzima kwa sababu hewa inaizuia, matairi yanasugua barabara na kila kituo kina breki. Huko juu hakuna cha kukikwamisha chombo. Kikishapata mwendo kinateleza miezi kumi injini imezimwa. Kinachokula mafuta ni kubadili mwendo tu: kuuongeza wakati wa kuondoka duniani na kuupunguza wakati wa kufika. Jumlisha dakika zote ambazo injini kubwa ya Mangalyaan iliwaka, tangu Novemba 2013 hadi Septemba 2014, hazifiki saa mbili. Kilomita zilikuwa za bure. Anayetaka kujua nauli apime mzigo.

Siku ya kurushwa, Novemba 5, 2013, kutoka Sriharikota, kituo cha India cha kurushia roketi, chombo kilikuwa na kilo 1,337. Kilo 852 kati ya hizo zilikuwa mafuta, karibu theluthi mbili. Vifaa vya sayansi, ambavyo ndivyo abiria wenyewe, vilikuwa vitano tu, kwa pamoja kama kilo 15. Nyingi ya zilizobaki ni bodi, mabomba, matangi, betri, paneli za sola na antena ya sahani yenye upana wa mita 2.2.

Mafuta yalikuwa mengi hivyo kwa sababu roketi ilikuwa ndogo. India ilikuwa na roketi kubwa zaidi, GSLV, lakini ilifeli mara mbili mwaka 2010, na nafasi nzuri ya kwenda Mirihi hujitokeza mara moja kila miezi 26. Wahandisi wa ISRO, shirika la anga la India, wakachukua PSLV waliyoiamini, ingawa haina ubavu wa kukitupa chombo moja kwa moja kuelekea Mirihi. Ilikiacha kwenye njia ya yai kuizunguka dunia, karibu zaidi kilomita 250 hivi, mbali zaidi kilomita 23,500. Kutoka hapo chombo kilijitegemea, na mbinu yake ilikuwa ileile ya kombeo: zungusha, zungusha tena, kisha achia. Kila kilipopita karibu na dunia, mahali ambapo kasi yake ni kubwa na mafuta kidogo yanaleta faida kubwa, injini iliwashwa kwa dakika chache na njia ikarefuka upande wa pili.

Injini yenyewe ina nguvu ya nyutoni 440. Hapa duniani haiwezi kunyanyua mfuko wa saruji wa kilo 50. Ndiyo maana kazi ilibidi igawanywe vipande vipande.

Kipande cha nne, alfajiri ya Novemba 11, kiliharibika, na hapa wenye kudhani bei ndogo ni miujiza wangetulia kidogo. Vali inayopitisha mafuta kwenda kwenye injini hufunguliwa kwa koili ya umeme, nayo ina koili ya akiba. Wahandisi walikuwa wakiijaribu mifumo ya akiba. Koili zote mbili zilipopewa umeme kwa pamoja, mafuta yakakata. Ilitakiwa kasi iongezeke mita 130 kwa sekunde, ikaongezeka 35. Kilele cha njia kikaishia kilomita 78,276 badala ya laki moja. Kesho yake wakaiwasha injini tena kufidia, kilele kikapanda hadi 118,642. Koili hizo hazikuwa mbovu. Zinafanya kazi kwa zamu, si kwa pamoja, na hilo liligunduliwa mahali ambapo kosa bado linasameheka, kwa sababu chombo kinachoizunguka dunia hurudi tena palepale. Usiku wa kuamkia Desemba 1 injini iliwaka dakika 22, na kombeo likaachia.

Kule Mirihi hakuna kurudia. Kosa breki, chombo kinapitiliza na kupotea. Injini ilikuwa imelala siku 300 hivi, muda ambao vali zinaweza kuganda au kuvuja, kwa hiyo palikuwa na njia ya pili ya mabomba ya mafuta iliyokuwa imefungwa muda wote. Septemba 22, 2014 waliiwasha injini kwa sekunde nne tu, kuijaribu. Ingekataa, vijiinjini vinane vya nyutoni 22 kila kimoja vingefanya kazi hiyo, na chombo kingeishia kwenye njia mbaya zaidi. Asubuhi ya Septemba 24 iliwaka dakika 24, ikala karibu kilo 250 za mafuta na kupunguza mwendo kwa mita 1,099 kwa sekunde. Sehemu ya muda huo chombo kilikuwa nyuma ya sayari, hakisikiki. Hata kama kingesikika, ishara ya redio ilichukua kama dakika 12 kufika, kwa hiyo hakuna aliyekiendesha. Maagizo yalipakiwa siku kadhaa kabla.

Ndipo dunia ikasema yake. Picha iliyosambaa kuliko zote ilikuwa ya akina mama waliovaa sari wakipongezana, na ikaandikwa kila mahali kwamba hao ndio wanasayansi waliofika Mirihi. ISRO ilieleza baadaye kwamba wale walikuwa watumishi wa utawala. Wanasayansi wanawake walikuwapo kweli, Ritu Karidhal na Nandini Harinath miongoni mwao, lakini picha haikuwa yao. Gazeti la New York Times lilichapa katuni ya mkulima na ng'ombe wake wakibisha hodi kwenye klabu ya wateule wa anga. Wasomaji wakaja juu, na mhariri akaomba radhi. Uingereza hoja ilikuwa kwa nini nchi yenye fedha za Mirihi ipewe misaada, ingawa serikali yao ilikwisha kutangaza mwaka 2012 kwamba msaada wa fedha kwa India utakoma 2015. Nyumbani, mwanauchumi Jean Drèze aliiona safari nzima kama ndoto ya wakubwa wa India kutafuta hadhi ya taifa kubwa.

Kwangu, mkosoaji aliyegusa penyewe ni G. Madhavan Nair, aliyewahi kuiongoza ISRO. Hoja yake ilikuwa kwamba njia iliyopangwa ilikuwa ndefu mno kwa sayansi ya maana. Chombo kiliishia kwenye yai la kilomita 422 kwa 76,994, mzunguko mmoja saa 72 na dakika 51. Linganisha na MAVEN, chombo cha Marekani kilichofika Mirihi siku mbili kabla yake kwa gharama ya dola milioni 671, karibu mara tisa ya ile ya India. MAVEN ilibeba kilo 65 za vifaa na kuizunguka sayari kila baada ya saa nne na nusu, yaani mizunguko 16 Mangalyaan ikimaliza mmoja. Kuishusha Mangalyaan hadi njia kama hiyo kungetaka mafuta ambayo PSLV isingeweza kuyanyanyua. Bei ndogo ililipiwa hapo. Ililipiwa pia kwa kutumia bodi iliyotokana na chombo cha mwezini, Chandrayaan-1, kwa mishahara ya India, na kwa antena za Marekani zilizosaidia kukifuatilia chombo wakati Bangalore, mji kilipo kituo cha ISRO cha kukiongoza, umeipa Mirihi kisogo.

Njia ndefu ilikuwa na faida yake. Kamera iliweza kupiga sayari nzima kwa picha moja, jambo ambalo vyombo vinavyopita chini havipati, na ilipiga upande wa Deimos, mmoja wa miezi ya Mirihi, usioonekana kutoka kwenye sayari hiyo. Kifaa cha kutafuta gesi ya methani, kilichotangazwa kuliko vyote kwa sababu methani huenda ikaashiria uhai, ndicho kilichoangusha. Muundo wake haukuweza kuitenganisha methani na kabonidioksaidi, ambayo Mirihi imejaa tele. Kikabadilishwa kazi, kikawa cha kupima mwanga unaoakisiwa na ardhi. Habari hiyo haikupata hata robo ya wino uliomwagwa kwenye bajaji.

Swali la umaskini, kwamba nchi yenye maskini wengi ina haja gani na anga, silidharau. Wakenya waliuliza lilelile Aprili 2023 setilaiti ya Taifa-1 ilipopaa, na wana haki. Lakini liulizwe kwa namba zake: rupia bilioni 4.5 kwa watu zaidi ya bilioni moja na robo ni chini ya rupia nne kwa kichwa, mara moja, na hakuna noti iliyorushwa angani, zilitumika katika karakana na mishahara. Hata Vikram Sarabhai, mwasisi wa mpango wa anga wa India, alisema wazi kwamba hawana ndoto ya kushindana na matajiri kwenda mwezini wala kwenye sayari, bali kutumia teknolojia kwa shida za watu. Anayeipinga Mangalyaan ana hoja nzito humo kuliko katuni yoyote.

Chombo kilipangiwa miezi sita, kikafanya kazi miaka saba na nusu. Hilo lilisifiwa sana, ila sifa nyingi ni za mafuta yaliyobaki. Betri iliundwa kuvumilia kivuli cha sayari kwa saa moja na dakika 40. Januari 2017 walichoma kilo 20 kuikwepa miaka ya vivuli virefu, zikabaki 13. Kufikia Aprili 2022 mafuta yalikuwa yamekwisha na vivuli vikarudi, kimojawapo cha zaidi ya saa saba. Mawasiliano yakakatika. Noti ya rupia 2,000 yenye picha ya chombo hicho mgongoni ilianza kuondolewa kwenye mzunguko Mei 2023.

Msomaji wenu,
Tanga