Themostati iache mahali pake

Baba Zuhura,

Salamu kwanza. Huku hatujambo, ila mgongo wangu na usukani bado hawajapatana. Nimesikiliza ujumbe wako wote mpaka pale ulipoanza kugombana na utingo, na nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Ati fundi anataka kutoa themostati, ile vali inayofungua na kufunga njia ya maji ya injini kulingana na joto, ili lori lako liache kuchemsha mlimani? Usimruhusu. Kama ameshaitoa, airudishe.

Huyo fundi wako namjua kwa sifa zake. Ukimpelekea redio iliyokatika sauti, atainama kutafuta themostati aitoe.

Sikiliza. Themostati ya injini kubwa kama hiyo mara nyingi huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, na kazi yake si moja. Ikiwa imefunga, maji huzunguka humo humo ndani ya injini kwa njia ya mkato, injini ipate joto upesi. Ikifunguka, inafungulia maji kwenda kwenye rejeta na wakati huohuo, kwa injini nyingi za malori, inaiziba ile njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji inarudi kwenye pampu ikiwa bado ya moto, rejeta haijaiona. Kwa hiyo mlimani na mzigo utachemsha kama kawaida yako, pengine hata mapema zaidi. Halafu ukiwa tambarare na gari tupu, injini haifikii joto lake: dizeli haiungui vizuri, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka nayo hadi kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ringi za pistoni zinalika, na baada ya muda utanipigia kuuliza mbona gari linatoa moshi na injini inapumua.

Kuipima si kazi. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji ining'inie bila kugusa chini, weka kipimajoto, washa moto. Nyuzi zake za joto zimegongwa kwenye chuma chake chenyewe, zisome. Ikianza kuachia karibu na namba hiyo na ikaendelea kufunguka mpaka mwisho, haina kosa. Ikikwama, nunua nyingine. Ila sufuria iwe ya gereji, usije ukanigombanisha na shemeji.

Sasa, umesema geji inapanda mlimani tu, ukifika juu inashuka. Mimi hapo ningeanza na uchafu. Kuna nafasi nyembamba kati ya rejeta na ile pozeo ya hewa ya turbo (turbo ndiyo inayoisukumia injini hewa) iliyosimama mbele yake. Ukiangalia kwa mbele unaona kusafi, kumbe katikati pamejaa vumbi, wadudu na majani yaliyogandamana na oili. Washa tochi upande wa feni, mwenzako akae mbele: mwanga usipopita, ugonjwa umeupata. Osha kutoka upande wa feni kwenda nje, maji yasiwe na nguvu sana maana zile bati nyembamba hulala, na zikilala hewa haipiti tena. Kisha kagua mkanda, klachi ya feni kama inashika injini ikipata moto, na kifuniko cha rejeta. Kifuniko watu hukidharau. Kikishika shinikizo la bar 1, maji matupu hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Mpira wake ukipasuka, hizo nyuzi 20 umezipoteza kwa kipande cha mpira. Na nakuomba, usikifungue injini ikiwa ya moto, na usimimine maji baridi kwenye injini iliyochemka. Hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, hupasuka hivyo.

Kama kuna viputo vinapanda kwenye tangi la maji injini ikinguruma, fundi ataruka kusema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imekufa. Inawezekana. Lakini unakumbuka yaliyompata Mzee Kobe? Walifungua hedi, wakapeleka ikasawazishwa, wakaweka gasketi mpya, wakafunga, viputo vile vile. Kumbe ni kompresa ya upepo wa breki! Nayo kwenye malori mengi hupozwa na maji ya injini, na hedi yake ikipasuka inasukuma hewa ndani ya maji. Wangeziondoa kwa muda zile paipu mbili za maji ya kompresa, wakaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, wakawasha injini kidogo gari likiwa limesimama, wangejua mchana uleule. Mzee mwenyewe hapendi kukumbushwa, kwa hiyo usimwambie nimekuandikia.

Halafu kuna hili la maji yenyewe, ambalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Tunabembeleza oili, tunaisifu, tunabishana ni 15W-40 ya nani iliyo bora, halafu kwenye rejeta tunatia maji yoyote tuliyoyakuta barabarani. Hilo gari la Mzee Kobe lilipofunguliwa kabisa safari iliyofuata, niliishika silivu moja, lile bomba ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake, mkononi. Ndani inang'aa, mistari ya kiwandani bado inaonekana. Nikaigeuza upande unaoguswa na maji: mstari wa vitundu, wima, upande mmoja tu, kama mahindi yaliyoingiliwa na dumuzi. Kimoja kilikuwa kimetoboka hadi ndani, ukiielekeza kwenye taa unauona mwanga.

Hiyo si kutu ya kawaida. Dizeli inapolipuka, pistoni inaipiga silivu ubavuni, silivu inatetemeka, na upande wa maji vinazaliwa viputo vidogo sana vya mvuke ambavyo vikipasuka vinakidonoa chuma. Mara moja haidhuru. Lakini fikiria raundi 1,500 kwa dakika, kutwa nzima. Kulanti, yaani kile kimiminika cha kupozea kinachotiwa kwenye rejeta, ikiwa nzuri ya dizeli ina dawa inayojenga utando mwembamba juu ya silivu, utando unakula kipigo badala ya chuma, na dawa hiyo huisha. Rangi haikwambii kitu, inaweza kubaki nzuri na dawa imekwisha siku nyingi. Kuna vikaratasi vya kupimia: unachovya, unalinganisha rangi. Changanya nusu kulanti, nusu maji yaliyotoneshwa, na usichanganye aina mbili kwa sababu tu rangi zinafanana. Dawa ukizidisha nayo inaganda na kuziba rejeta, kwa hiyo usimwachie utingo amimine kwa huruma.

Oili yako vipi? Chomoa stiki asubuhi kabla hujawasha. Ikiwa imepanda juu ya alama na hukuongeza, hiyo si baraka: ni dizeli au maji yameingia. Ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe kabisa.

Na wewe dereva nawe, samahani, una lako. Nakujua, hupendi kushusha gia. Unaing'ang'ania gia kubwa mpaka injini inalia raundi 900 na mguu umekanyaga mpaka chini. Hapo joto ni jingi, na pampu ya maji na feni vinazunguka polepole. Shusha gia mapema, iache ipande raundi, mguu uwe mwepesi kidogo. Ukifika juu na kusimama, usizime hapo hapo. Shafti ya turbo inaweza kufika raundi 100,000 kwa dakika, na oili ndiyo inayoibeba. Ukizima ghafla oili inasimama, inaungua kwenye beringi na kuacha mkaa. Iache inanguruma dakika 3 hadi 5. Lakini si nusu saa kama ulivyokuwa ukifanya ule wakati wa... basi, hayo yaache.

Bosi amekubali gari lisimame kidogo, au bado anaimba wimbo wa mzigo wa kesho? Mwambie gharama ya themostati na kifuniko, halafu mwambie gharama ya hedi, usiongeze neno.

Sasa nijibu haya. Fundi ameshaitoa au hajaitoa? Maji yanapungua, na kama yanapungua, unaona yanamwagikia wapi? Moshi asubuhi ni mweupe, na injini ikipata moto unakwisha au unaendelea? Ukigusa mpira wa juu wa rejeta na wa chini baada ya kupanda, kuna tofauti ya joto? Mara ya mwisho kubadili kulanti ilikuwa kabla au baada ya wewe kukabidhiwa gari? Zuhura amepona jino? Na ile spana yangu ya torki iko kwako au kwa Mzee Kobe, maana kila mmoja ananiambia iko kwa mwenzake, na hedi ya watu hapa inaisubiri.

Wako,
Baba Tatu